Ugonjwa wa Mke Mdogo

Nyumbani, 4 Februari

Kaka,

Barua yako imefika pamoja na ile picha uliyopiga umeegemea tairi la lori. Baba ameitazama kwa muda, akasema tairi limependeza, ila hicho kitu kilichoegemezwa hapo hakijui. Kwa hiyo ujue hajambo.

Nakuandikia bila yeye kujua, kwa sababu ya gari. Marehemu mama hakukosea kuliita Mke Mdogo. Mpaka leo Baba analifuta vumbi kabla hajanijulia hali. Lakini naona linaumwa. Kioo cha pembeni upande wa kushoto kimeng'oka, na ubavu huo huo una mkwaruzo kutoka taa hadi mlango. Klachi inanuka kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Baba anasema usukani unavuta kushoto wenyewe. Nikimwambia tulipeleke kwa fundi anakasirika, maana unamjua, hajawahi kuruhusu mkono wa mtu mwingine ndani ya boneti ile.

Wewe ndiye mtu wa magari. Ni ugonjwa gani huo? Nijibu haraka, dereva wa basi la kampuni yenu amesema atapita tena mwisho wa mwezi.

Mdogo wako,
Sindano


Mgodini, 20 Februari

Sindano wa Baba,

Umebisha mlango wenyewe. Mimi nimeshika usukani katika nchi nne, na kuna mipaka ambayo askari wake wakiniona wananyanyua mti wa kizuizi kabla sijapiga honi. Juzi lori la mwenzangu lilianza kukohoa nikiwa naoga. Nikampigia kelele kupitia dirishani, na povu langu kichwani, kwamba ni chujio la dizeli. Likawa chujio la dizeli. Sawa, nilibahatisha, lakini hilo libaki kati yetu.

Sasa sikiliza daktari. Gari likivuta upande mmoja, anza na upepo. Tairi la kushoto likiwa na upepo mdogo, gari lote linaegemea huko kama mlevi anayetafuta ukuta. Upepo ukiwa sawa, wapime alaimenti, yaani kama magurudumu ya mbele yamenyooka sawa. Ikiwa linavuta wakati wa kushika breki tu, basi breki ya upande mmoja imeng'ang'ania. Shika rimu baada ya safari fupi. Yenye moto kuliko mwenzake ndiyo yenye kosa. Shika kwa kidole kimoja, vingine vya kushonea.

Klachi inanuka pale mtu anapolaza mguu juu ya pedali wakati anaendesha, au anapoondoka na gia kubwa. Hayo hayawezi kuwa ya Mzee. Mzee ndiye aliyenifundisha kuondoa gari mlimani akiwa ameweka glasi ya maji juu ya dashibodi. Nilimwaga, akanishusha nikarudi nyumbani kwa miguu. Basi hiyo klachi imezeeka tu, ina haki. Na kioo, hao ni vijana wa pikipiki. Wanapita kama nzi.

Lawama zote ni za barabara. Mwambie Mzee nasema hivyo, na mimi ni bingwa wa kimataifa.

Kaka yako,
Pasipoti


Nyumbani, 11 Machi

Kaka,

Nilipima upepo. Ulikuwa sawa. Baba alipolala mchana nikamwita fundi wa jirani akaliendesha mpaka njia panda na kurudi. Akanirudishia ufunguo akasema gari hili halivuti popote, dada, hili ni zima kuliko mimi.

Sikukwambia yote. Nilitaka iwe gari.

Mwezi wa kwanza Baba alitoka kwenda kununua vifungo vya mashati ya shule, mwendo wa kufika pale kwenye duka la jumla tu, unapajua. Jioni nikapigiwa simu na askari wa mji wa pili. Walimkuta ameegesha kando ya soko, petroli imekwisha, mkanda ameufunga, mikono kwenye usukani. Aliwaambia anamsubiri mke wake atoke na kapu. Nilipofika akanisalimu vizuri, akanilaumu kwa kuchelewa, na njiani akawa anacheka mambo yake kama kawaida. Asubuhi hakukumbuka hata kidogo.

Ijumaa iliyopita alipanda na gari juu ya njia ya watembea kwa miguu, mbele ya shule, saa ya kutoka. Watoto waliruka mtaroni. Hakuguswa mtu. Aliniambia usukani umemvuta.

Nilichukua ufunguo nikauficha ndani ya kopo la vifungo. Kesho yake nikasikia injini. Alikuwa na wa pili, ameushona ndani ya pindo la koti, kwa ule mshono wake usioonekana hata ukiweka taa. Huo nao nikamnyang'anya. Kaka, hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha cherehani akaniambia, "Umenivua nguo barabarani." Siku mbili hakula. Nikamrudishia. Najua ni ujinga, usiniambie.

Siwezi kumnyang'anya tena, na siwezi kumwacha aue mtoto wa mtu. Nifundishe namna gari litakavyokufa lenyewe, bila mkono wangu kuonekana. Gari likigoma halitakuwa limemdharau.

Sindano


Mgodini, 29 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea ndani ya lori, mlango nimefunga, redio juu. Wenzangu walipouliza nikasema vumbi. Hapa vumbi ni jingi, uongo wangu ulipita.

Haya. Mzee yule ukichomoa fyuzi ataiona kabla chai yake haijapoa. Ukilegeza waya wa betri ndiyo kwanza utakuwa umemkaribisha. Inabidi kitu kilichokufa kivae sura ya kilicho hai. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna kijisanduku cha plastiki kama nusu ya kiberiti, kina miguu ya bati inayoingia kwenye soketi. Hiyo ni rilei ya pampu ya petroli. Ukifungua swichi, rilei ndiyo inayoipa pampu ruhusa. Isipotoa ruhusa, petroli haifiki, na injini itazungushwa na stata mpaka betri ichoke. Katika gari lile ina umbo lake peke yake, haibadilishani na ya honi wala ya taa, kwa hiyo hataweza kuazima.

Nenda kwenye yadi ya magari mabovu, omba moja iliyoungua ya gari kama letu. Itakuwa bure, na watakuona kichaa, vumilia. Toa nzima, weka mfu. Nzima itunze pakavu.

Atahangaika mwezi, atachoka, ataanza kukaa kibarazani akilitukana. Namjua. Nimejua kuwapoza wakubwa kwenye forodha za nchi nne, sitashindwa na baba yangu mwenyewe.

Usimwambie kwamba nililia, hata kama sikulia.

Pasipoti


Nyumbani, 18 Aprili

Mwanangu,

Picha yako nimeibandika karibu na meza ya kukatia. Nimekata kidogo upande wako ili tairi lienee.

Mke Mdogo amenuna. Jumatatu nimewasha, stata ikazungusha kwa nguvu zake zote, injini haikushika. Nikaacha. Nguo ikikaa vibaya mwilini hukimbilii mkasi, unatazama kwanza inavutwa wapi. Betri ni nzima, taa hazififii. Nimetoa plagi moja nikaigusisha chuma cha injini, dada yako akazungusha swichi. Cheche ipo, ya buluu. Plagi yenyewe kavu, hainuki petroli. Kwa hiyo moto upo jikoni, unga haujafika.

Nikamwambia dada yako afungue swichi tu, asiwashe, nikainama nyuma kusikiliza. Zamani kulikuwa na mvumo mdogo chini ya kiti, kama mtu anayeguna usingizini. Sasa kimya. Mtu mwenye haraka angesema pampu imekufa. Mimi nikaingiza vidole chini ya dashibodi, nikaishika rilei, akafungua swichi tena. Rilei nzima hupiga kidogo, kama kubana kifungo cha chuma. Hii haikupiga. Fyuzi yake nimeitazama kwenye mwanga, ni nzima.

Ni rilei. Wako watu wanaoiruka kwa kipande cha waya gari likaondoka. Mimi siendeshi gari lililofungwa kwa pini. Nimemtuma dada yako anunue mpya. Nakuandikia si kwa shida, ila ujue kwamba baba yako bado yupo.

Baba yako


Nyumbani, 2 Mei

Kaka,

Uliniambia mwezi mzima. Baba aliigundua siku ya pili. Na mimi ndiye niliyekuwa nazungusha swichi, naiona mikono yake inavyotafuta, nasubiri isifike. Ilifika. Akatoka chini ya dashibodi na nywele zimejaa vumbi, anatabasamu kama kijana, akasema nenda duka la spea kaniletee rilei.

Nilichanganyikiwa. Ningesema haipatikani. Ningesema lolote. Badala yake nilirudi yadi nikachukua mfu wa pili, nikaisugua kwa spiriti, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni uliotoka na zipu mpya. Nikampa mkononi.

Akaiweka. Akafungua swichi akasikiliza. Akazungusha. Kaka, alikaa mle ndani muda mrefu. Aliposhuka alisema, "Basi siyo," akaenda kunawa.

Tangu siku hiyo amefungua kila kitu. Kabureta anaitafuta, na gari hili halina. Hilo ningelivumilia. Lakini jana alikuwa anakata suruali ya yule mwalimu wa sekondari, kazi aliyoifanya tangu sijazaliwa. Akasimama na mkasi hewani, akaniita nije nimwangalie kama chaki imepita mahali pake. Ilikuwa imepita sawasawa. Nikamwambia. Akauliza una uhakika. Leo ameniita tena kwa kola. Kisha kwa tundu la kifungo. Mkasi ameuweka mezani, hajaugusa.

Kusahau kulikuwa kunamtoka na kurudi. Hili la sasa sisi ndio tuliomtia.

Ameandika yake, naitia humu. Sijaisoma.

Sindano


Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu,

Sijakuandikia siku nyingi, nisamehe. Ni kuhusu gari. Limegoma. Stata inazungusha, injini haishiki. Nimetazama betri. Nimetazama plagi, nadhani nimetazama. Nilifikiri ni rilei ya pampu, lakini nimeweka mpya, kwa hiyo nilikosea. Sasa sijui.

Zamani nilikuwa nikilishika tu najua. Wewe umetembea, umeona magari mengi. Niambie nianzie wapi, andika polepole, namba moja, namba mbili.

Dada yako ananisaidia kukata siku hizi. Ana jicho zuri kuliko langu.

Baba yako


Mgodini, 24 Mei

Sindano,

Sina mzaha leo, nimeutafuta sikuuona.

Kosa ni langu, si lako. Nilijua atakachofanya, ningejua hata nikiwa nimelala, na bado nikafikiri nitamzidi ujanja kwa karatasi. Nilimwekea mtego mtu aliyenifundisha kufunga nati.

Fanya hivi, na ufanye mchana, yeye akiwa anatazama. Mwite yule fundi wa jirani aje na jeki. Gari likae juu ya magogo manne, magurudumu yote yatolewe, yapelekwe kwa jirani au yauzwe, mimi sijali. Kabla fundi hajashika spana, mwambie Baba usoni kwake: gari hutaendesha tena, kwa sababu unasahau njia, na watoto wa shule waliruka mtaroni. Mwambie ni mimi nimeamua, mwanawe wa kiume, anitukane mimi. Avuliwe nguo mara moja na watoto wake, kuliko kila siku na gari.

Kisha rudisha rilei nzima. Chaji betri. Mpe ufunguo, awashe. Na mwambie yeye ndiye aliyeigundua tangu siku ya pili, na ile uliyoleta ndiyo iliyokuwa mbovu. Nimemwandikia hivyo hivyo. Msomee kwa sauti, mara nyingi uwezavyo. Hilo ndilo ninalolitaka. Gari si kitu. Nataka arudishiwe kujua kwake.

Kaka yako


Mgodini, 24 Mei

Baba, shikamoo.

Ni rilei, kama ulivyosema mwenyewe. Ile ya pili haikuwa nzima. Wewe hukukosea popote, wala hatua moja. Nimeshindwa kuongeza namba mbili, maana ulishamaliza.

Mwanao


Nyumbani, 13 Juni

Kaka,

Nimefanya yote.

Nilimwambia tukiwa tumesimama uani, fundi ameshaleta magogo. Nilidhani atalia, au atanipiga kwa futi kamba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna mtoto aliyeumia. Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana, Baba. Akamgeukia fundi akamwambia alegeze nati kabla ya kunyanyua, siyo baada, utadhani hujawahi kuona tairi. Akasimama pale mpaka la mwisho likatoka.

Kisha nikaweka rilei. Nikampa ufunguo. Alipofungua swichi ule mvumo ukasikika, na mkono wake ukasimama. Akawasha. Injini ilishika mara moja. Alishuka akafungua boneti akaweka kiganja, akafumba macho. Lilikuwa juu ya magogo kama kabati, lakini lilikuwa linanguruma.

Akaniuliza nani aliyeugundua ugonjwa. Nikamwambia ni wewe, Baba. Nikamsomea barua yako. Nikamsomea tena.

Akacheka, Kaka. Akanipigapiga begani. Akasema, "Usinidanganye ili nifurahi. Mimi nilisema rilei, ikawa siyo. Ni kaka yako huyo."

Nimemwambia kila siku. Nimemwambia akiwa ameamka vizuri, nimemwambia wakati wa chai. Nimemwambia hata kwamba mimi ndiye niliyemletea mbovu kwa kusudi. Akaniambia mtoto wake hawezi kufanya jambo kama hilo. Mkasi hashiki. Lakini habari zako anamsimulia kila mteja anayeingia: kijana wangu yuko nchi za mbali, gari lilinishinda mimi na mafundi wote, yeye amelitibu kwa barua. Anasimama wima anapoyasema hayo. Ndicho kitu pekee kinachomsimamisha hivyo sasa.

Anataka umweleze ulijuaje. Ameandika. Sijui utamjibu nini.

Sindano


Nyumbani, 13 Juni

Mwanangu,

Umenipita. Sikufikiri nitafurahi kuyaandika hayo.

Niambie ulijuaje, ukiwa huko mbali, bila kuligusa. Wateja wananiuliza, nataka niwaeleze sawasawa.

Baba yako


Mgodini, 1 Julai

Baba, shikamoo.

Mtu mmoja aliniandikia dalili zote kwa mpangilio mzuri kuliko fundi yeyote niliyemwona katika nchi nne. Ni wewe. Lakini dada ameniambia huliamini hilo, na mimi sitabishana nawe, sijawahi kushinda.

Basi waambie wateja hivi. Mwanao hakukimbilia mkasi. Alianza na betri, akaona taa hazififii. Akatazama cheche, akaona ipo. Akainusa plagi, akakuta kavu. Hapo akajua kwamba moto upo ila petroli haifiki. Akasikiliza pampu kabla ya kuilaumu. Akaishika rilei kwa vidole, haikupiga, na fyuzi yake ilikuwa nzima. Hakukuwa na kitu kingine kilichobaki. Wakikuuliza alijifunzia wapi, waambie nyumbani kwao.

Ndiyo, Mzee. Ni mimi. Mimi ndiye bingwa, waambie wote.

Nimeomba likizo, wamenipa mwezi wa tisa. Mpaka nifike, liwashe kila asubuhi, gia ikiwa huru, lingurume kidogo, kisha zima. Sikiliza kama unavyosikiliza. Ukisikia kitu usichokielewa, niandikie. Na kama unadhani ulishaniandikia jambo hilo, niandikie tena.

Mwanao,
Pasipoti